Je, ni lazima kula 'safi' ili kupunguza kitambi?

SWALI hili sisi madaktari wa Embu na Meru huulizwa karibu kila siku ya kliniki. Mgonjwa akishamaliza kueleza kilichomleta, akapewa dawa zake, huinuka, hushika mlango, halafu hugeuka na kusema: "Na kitambi hiki, daktari? Nikiacha ugali, chapati na sukari kitaisha?" Aghalabu huwa amekwisha kushauriwa na jirani, na mkufunzi wa ukumbi wa mazoezi au na binamu aliyeko Nairobi. Ameambiwa kwamba mwili hauwezi kamwe kupunguza mafuta mpaka mtu aanze kula 'safi'.

Usafi unaozungumziwa hapa si ule wa kunawa mikono na kuchemsha maji ya kunywa. Hii ni imani kwamba kuna vyakula vilivyo safi kwa asili yake, kama vile mboga, matunda, samaki, kuku wa kienyeji, asali na parachichi, na vingine vilivyo vichafu: ugali wa unga mweupe, mkate, mandazi, chipsi, soda na sukari. Kwa mujibu wa imani hii, anayekula safi hupungua mafuta na kujenga misuli hata akila kiasi gani, naye anayeonja andazi moja amejiharibia wiki nzima.

Jibu langu fupi ni kwamba si lazima. Jibu refu lina masharti yake, na ningependa msomaji ayafuate kwa makini kwa sababu wapo wanaopoteza fedha, na wengine afya, kwa kutoyaelewa.

Tatizo lenyewe si la mzaha. Utafiti wa kitaifa kuhusu afya na idadi ya watu uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzani uliopita kiasi. Hiyo ni karibu nusu ya akina mama. Nyuma ya unene huo huja kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti na maradhi ya moyo. Zamani kitambi kilikuwa cheti cha mtu aliyefanikiwa, na bado wapo wazee ambao hawamwamini mwanasiasa mwembamba. Lakini kitambi hicho hicho ndicho kinachojaza foleni za kliniki zetu za kisukari.

Mizani haisemi yote

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopaswa kupunguzwa. Mizani hupima kilo tu. Haijui zipi ni mafuta, zipi ni misuli, zipi ni mifupa na maji. Watu wawili wenye kilo 80 na kimo sawa wanaweza kuwa na miili tofauti kabisa. Mmoja ni mchukuzi wa magunia sokoni Gakoromone mwenye mabega mapana na tumbo bapa, na mwingine ni karani ambaye mikono na miguu yake ni myembamba lakini tumbo limetangulia mbele. Mafuta yanayojificha ndani ya tumbo, yakizunguka ini na matumbo, ndiyo yenye madhara zaidi kuliko yale ya mapajani na makalioni.

Kuna kipimo rahisi kisichohitaji mashine. Chukua uzi, pima kimo chako kutoka utosini hadi kisiginoni, kisha uukunje uzi huo mara mbili uwe nusu. Uzungushe kiunoni usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zisipokutana, kiuno chako kimepita nusu ya kimo chako na una mafuta ya tumbo kuliko inavyofaa. Nimewaona watu wa kilo 65 ambao uzi wao haukutani.

Kwa hiyo tunachotafuta si kukonda tu. Tunataka mafuta yapungue na misuli ibaki, au hata iongezeke. Je, hilo linahitaji chakula safi?

Somo la wakimbiaji

Juu ya mji wa Embu, katika miteremko ya Mlima Kenya, kuna chuo cha walimu cha Kigari. Kwa miaka mingi timu yetu ya taifa ya mbio za nyika ilipiga kambi hapo kabla ya kwenda kwenye mashindano ya dunia. Ni timu ambayo wanaume wake walitwaa ubingwa wa dunia mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003. Wenyeji waliowaona wakipanda milima ile alfajiri wanajua jinsi miili yao ilivyokuwa: mifupa, misuli na ngozi, mafuta hakuna.

Watu kama hao hula nini? Mwaka 2004, Vincent Onywera na wataalamu wenzake walichapisha utafiti kuhusu chakula cha wakimbiaji 10 hodari wa Kenya. Wakimbiaji hao walikuwa katika kambi ya Bonde la Ufa, si ya Kigari, lakini chakula chao ni kile ambacho Mkenya yeyote angekitambua: ugali, wali, viazi, maharagwe, kabichi, maziwa, nyama kidogo, na chai. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga. Na karibu sehemu moja ya tano ya nishati yote ilitoka kwenye sukari ya kawaida, sehemu kubwa ikiwa ile wanayotia katika chai!

Kwa kipimo cha walio wafuasi wa ulaji safi, hao ni wachafu kupindukia. Bila shaka utasema kwamba wao hukimbia zaidi ya kilomita 100 kwa wiki, na utakuwa umesema kweli. Hiyo ndiyo hoja yenyewe. Nishati ile ilikuwa na kazi ya kufanya, haikubaki ya kuhifadhiwa. Mwili haukuuliza kama imetoka kwenye asali ya Mbeere au kwenye sukari ya dukani.

Basi tuwaache wakimbiaji tuwaangalie watu wanene. Mwaka 1997, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa wanawake wanene waliopewa chakula kidogo, takriban kalori 1,100 kwa siku, kwa muda wa wiki sita. Kundi moja lilipata zaidi ya asilimia 40 ya nishati yake kutokana na sukari. Kundi la pili lilipata asilimia 4 tu. Kalori zilikuwa sawa. Mwishoni, makundi yote mawili yalikuwa yamepunguza uzani na mafuta kwa kiasi kinachokaribiana sana.

Mwaka 2010 profesa mmoja wa lishe katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Mark Haub, alijifanyia jaribio mwenyewe. Kwa wiki 10 alikula hasa keki, biskuti na vitafunio vingine vya dukani, lakini akahakikisha havizidi kalori 1,800 kwa siku. Alipungua kilo 12. Kabla hujakimbilia duka la keki, fahamu kwamba alikuwa pia akimeza vitamini, akinywa kinywaji cha protini na kula mboga kidogo, na kwamba alihesabu kila kilichoingia kinywani. Ni watu wachache mno wanaoweza kula keki tano wakajizuia na ya sita.

Kinachoonekana katika mifano hii ni hesabu moja. Kalori ni kipimo cha nishati iliyo katika chakula. Gramu moja ya wanga au ya protini ina takriban kalori 4, na gramu moja ya mafuta ina 9. Nishati inayoingia ikizidi inayotumika, ziada huwekwa akiba kama mafuta. Ikipungua, mwili hufungua ghala. Kwa mtu mzima wa kawaida, upungufu wa kalori 500 hivi kwa siku humpunguza karibu nusu kilo kwa wiki, ingawa kasi hiyo hupungua jinsi mwili unavyokuwa mdogo.

Safi lakini chanenepesha

Sasa tuje nyumbani. Meru na Embu ni miongoni mwa sehemu zinazoongoza nchini kwa makadamia. Parachichi huanguka chini ya miti mpaka ng'ombe wakazichoka. Mbeere kuna asali. Vyote hivi ni vyakula vizuri, vya asili, visivyopitia kiwanda chochote, na hakuna mfuasi wa ulaji safi atakayevikataa.

Lakini hebu tuvihesabu. Gramu 100 za makadamia zina zaidi ya kalori 700. Konzi moja tu ya mkono, ambayo mtu huimaliza akisubiri matatu ijae, ina kalori 200 na ushei. Parachichi moja kubwa laweza kufika kalori 300. Kijiko kikubwa cha asali kina takriban kalori 60, kumbe kile cha sukari ni karibu 50, kwa kuwa asali ni nzito na hujaza kijiko vizuri zaidi.

Alinijia mama mmoja mfanyabiashara, mwenye kisukari kilichoanza karibuni, akiwa amekata tamaa. Kwa miezi mitatu hakugusa ugali, githeri wala chapati. Asubuhi alikula parachichi na mayai yaliyokaangwa kwa mafuta ya zeituni aliyoyanunua kwa bei ya kuumiza. Mchana alitafuna makadamia dukani kwake. Jioni ilikuwa kuku na mboga zilizoelea katika mafuta yale yale, na kabla ya kulala maji moto yenye vijiko viwili vya asali "kuyeyusha mafuta". Alikuwa ameongezeka kilo tatu. Hakuna alichokula ambacho ningekiita kibaya. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia, yawe ya zeituni, ya alizeti au ya mgando, kina kalori 120 hivi, na yeye alikuwa akimimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa.

Tulirudisha githeri. Tulipunguza mafuta yawe vijiko viwili kwa sufuria nzima ya jamaa, makadamia yakabaki konzi moja mara mbili kwa wiki, na asali ikaondoka kabisa, kwani kwa mgonjwa wa kisukari asali ni sukari. Uzani ulianza kushuka.

Upande wa pili wa shilingi

Walakini nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba githeri na chipsi ni kitu kimoja.

Mwaka 2019, Kevin Hall na wenzake katika Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani walichapisha jaribio ambalo kila daktari anapaswa kulijua. Waliwaweka watu 20 ndani ya hospitali kwa mwezi mmoja. Kwa wiki mbili kila mmoja alipewa vyakula vilivyotengenezwa sana viwandani, na kwa wiki mbili nyingine vyakula vya kawaida visivyosindikwa. Milo ilipangwa iwe na kiasi sawa cha kalori, sukari, mafuta, nyuzinyuzi na protini mezani, na kila mtu aliambiwa ale atosheke. Walipokula vya viwandani, walikula karibu kalori 500 zaidi kwa siku bila kujua, wakaongezeka kama kilo moja. Walipokula vya kawaida, walipungua kiasi kama hicho.

Kwa maneno mengine, chakula cha kiwandani hakivunji ile hesabu ya kalori. Kinachofanya ni kukudanganya unapohesabu. Ni laini, hutafunwa upesi, na hushuka tumboni kabla ubongo haujapata habari kwamba umeshiba.

Chukua kiazi cha Kibirichia. Kikichemshwa, gramu 100 hazifiki kalori 90. Kikikatwa na kuzamishwa katika mafuta kikawa chipsi, gramu 100 hukaribia kalori 300. Kiazi ni kile kile, na shamba ni lile lile. Jaribu kula kilo moja ya viazi vya kuchemsha uone utafika wapi. Chipsi, pamoja na soseji na soda ya nusu lita yenye sukari ya vijiko vidogo visivyopungua 12, humalizwa na kijana kwa dakika kumi huko Makutano akabaki akitazama kama kuna nyingine.

Githeri, kwa upande wake, hutafunwa. Mahindi na maharagwe yana nyuzinyuzi nyingi, hukaa tumboni, na mtu hushiba kabla hajapitiliza. Ndivyo ilivyo kwa nduma, viazi vitamu, mbaazi, kunde, ndengu na uji wa mtama au wimbi. Ndiyo maana anayeanza kula 'safi' mara nyingi hupungua. Si kwamba ametakaswa. Anakula kidogo bila kuteswa na njaa. Faida hiyo ni ya kweli, ila haihitaji unga wa lozi kutoka ng'ambo, na haidai kwamba andazi moja la Jumapili ni dhambi.

Jambo ambalo wafuasi wa ulaji safi hulisahau zaidi ni misuli. Mtu anayepunguza chakula bila mpango hapotezi mafuta peke yake. Karibu robo ya kilo zinazoondoka yaweza kuwa nyama ya mwili, na akirudia kula kama zamani, kinachorudi ni mafuta hasa. Nimewatibu vijana waliokaa majuma mengi kwa kabichi, matunda na maji ya ndimu. Walipungua, naam, lakini walikuja wakiwa na kizunguzungu, mikono imesinyaa, na kitambi kidogo bado kipo.

Dawa yake ni protini ya kutosha na kazi ya nguvu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada walionyesha hilo mwaka 2016 kwa vijana 40 wa kiume waliopunguziwa chakula kwa asilimia 40 huku wakifanya mazoezi makali kwa wiki nne. Waliopewa protini nyingi, gramu 2.4 kwa kila kilo ya mwili, walipoteza mafuta kilo 4.8 na kuongeza zaidi ya kilo moja ya nyama. Waliopewa nusu ya kiasi hicho walipoteza mafuta kilo 3.5, na misuli yao haikuongezeka. Mtu wa kawaida hahitaji kufika huko. Gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo zatosha kwa anayepunguza uzani, iwapo figo zake ni nzima.

Hapa pia si lazima kwenda mbali. Kikombe cha maharagwe au ndengu zilizopikwa kina gramu 14 au 15 za protini. Yai lina 6. Kikombe cha maziwa kina 8. Kasoro ya sahani nyingi ninazosimuliwa ni kwamba mahindi yamejaa na maharagwe yanahesabika kwa vidole. Geuza: maharagwe yazidi mahindi, mboga za majani zijaze nusu ya sahani, na yai au maziwa yaongezwe panapowezekana.

Kuhusu kazi ya nguvu, wazazi wetu hawakuhitaji ukumbi wa mazoezi kwa sababu walikuwa na jembe, mtungi na mlima. Sisi tunapanda bodaboda kutoka stendi hadi ofisini, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Shirika la Afya Ulimwenguni hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za kukaza misuli. Kuchuchumaa na kuinuka mara 15, kujisukuma kwa mikono kutoka sakafuni na kunyanyua ndoo ya maji ni mwanzo mzuri, na hakuna ada.

Pengine badiliko la kwanza lenye faida kubwa katika mji kama Embu au Meru liko katika kikombe cha chai. Anayekunywa vikombe vitano kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu vya sukari, anakunywa kalori 240 ambazo hazimshibishi. Na watafunaji wa miraa wa Maua na kwingineko wajue jambo moja: miraa huondoa hamu ya chakula kweli, na ndiyo maana wengi wao ni wembamba. Lakini anayeshinda na miraa, soda na njugu bila mlo wenye protini hupoteza misuli, na wembamba wake si afya.

Wale wanaouza chai za 'kusafisha mwili' nisingependa kuwataja kwa urefu. Nyingi ni dawa za kuharisha. Kilo mbili zinazopotea kwa wiki ni maji na choo, mafuta yako palepale, na mwili hupungukiwa na chumvi muhimu kwa moyo. Kazi ya kusafisha damu hufanywa na ini na figo, usiku na mchana, bila malipo.

Kuna watu ambao hawafai kuanza kupunguza chakula wao wenyewe. Wajawazito na wanaonyonyesha ni wa kwanza. Wengine ni wagonjwa wa figo, na yeyote anayepungua uzani bila kujaribu, kwani hilo laweza kuwa dalili ya kifua kikuu, kisukari au saratani. Wanaotumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari wako hatarini zaidi, kwa sababu wakikata wanga ghafla huku wakiendelea na dozi ile ile, sukari yao yaweza kushuka hadi wakazirai. Hao wamwone daktari kwanza, wakija na dawa zao zote mkononi na karatasi waliyoandika kila walichokula na kunywa kwa siku tatu za kawaida, mojawapo ikiwa Jumapili.